Friza, Steki na Mama Mkwe

Muuguzi alipoitwa kwenda mji mwingine kusomea kazi ya chumba cha upasuaji, alimpigia simu mama yake kwanza, kisha ndiyo akamwambia mumewe kwamba mama anakuja. Mumewe, fundi wa majokofu, wakati huo alikuwa chini ya meza akitafuta bisibisi. Akajigonga kichwa, akasema, "Karibu sana."

Si kwamba hakumpenda mama mkwe wake. Alimheshimu mno, na shida ilikuwa hapo. Tangu aoe, hakuwahi kukaa naye chumba kimoja bila mkewe kuwa katikati. Mama mkwe naye hakuwa tofauti. Akiingia sebuleni amkute mkwe wake yuko peke yake, alikumbuka ghafla kwamba kuna nguo za kuanua. Hivyo katika wiki za mwanzo wote wawili walizungumza kwa kupitia mtoto, msichana wa darasa la pili ambaye kwa kutotulia kwake mtaa mzima ulimwita Kiroboto.

"Mwambie baba yako chai iko mezani."

"Baba, chai iko mezani."

"Mwambie bibi ahsante."

"Bibi, ahsante. Halafu mbona hamwambiani wenyewe, nyie mmegombana?"

Hawakuwa wamegombana. Kama kulikuwa na kitu cha kugombania ndani ya nyumba ile, basi ni friza. Ilikuwa jikoni, pembeni ya mlango wa nyuma, nyeupe, ndefu kama sanduku la nguo za bibi harusi. Fundi aliiokota ikiwa mfu nyuma ya hoteli moja, akaibadilishia kompresa, akaijaza gesi, akaipiga rangi upya. Aliifuta vumbi mara nyingi kuliko alivyofuta viatu vyake. Mama mkwe aliipita kama mtu anavyompita mlevi barabarani, kwa kujibana upande wa pili.

Alikuwa na sababu. Kabla magoti hayajamsumbua alikuwa na mkahawa mdogo karibu na kituo cha mabasi, na sifa yake ilikuwa nyama. Ilitoka bucha asubuhi bado ina joto la machinjioni, ikaingia sufuriani, na hadi jioni sufuria ilikuwa imeshaoshwa na kufunikwa. Nyama haikuwahi kulala kwake. Iliyolala, kwake yeye, ilikuwa ni mzoga tu, hata ukiifungia kwenye barafu ya namna gani.

Siku moja chumba cha baridi cha mwenye bucha kilizima ghafla, fundi akaenda akakiamsha, na mwenye bucha kwa furaha akamkatia pande kubwa la steki, jekundu, halina mfupa hata mmoja. Fundi alilifikisha nyumbani amelikumbatia kama mtoto mchanga. Akanawa mikono, akasugua meza ya jikoni kwa sabuni, akaanza kukata. Alikata vipande vinene kama dole gumba, kwa kuvuka nyuzi za nyama badala ya kuzifuata. Kila kipande alikikausha kwa karatasi za jikoni, akakifunga kwenye plastiki kikaze, kisha akavitia viwili viwili kwenye mifuko, akaikandamiza kwa kiganja mpaka hewa yote ikatoka. Juu ya kila mfuko aliandika tarehe kwa kalamu nzito. Mwisho akailaza ndani ya friza mmoja mmoja bila kuibebanisha, ili ishikwe na baridi upesi.

Mama mkwe alikuwa mlangoni na ungo wa mchele. Alitazama kwa muda.

"Kiroboto," akaita, "muulize baba yako, huyo marehemu ameshavikwa sanda, mazishi ni saa ngapi?"

"Baba, bibi anauliza..."

"Nimesikia," fundi akasema, akacheka kidogo huku anaangalia friza. "Mwambie bibi kwamba hewa ndiyo adui. Ikibaki ndani, baridi inaikausha nyama inaota mabaka meupe kama ukurutu. Haikudhuru, ila unatafuna kadibodi. Na mwambie mifuko miwili ya mwisho ni ya mama yako akirudi."

Mama mkwe akasema "Haya," akarudi kwenye mchele wake. Kesho yake alikwenda bucha mwenyewe, kwa magoti yale yale, akanunua kipande kidogo cha nyama mbichi cha kutosha mlo mmoja, akakipika siku hiyo hiyo. Kilikuwa kitamu mno. Fundi aliongeza mara mbili.

Mwisho wa mwezi ule nyumba ilibaki tupu kwa siku chache. Fundi alipata kazi kwenye ghala la samaki mji wa jirani, kazi ya kulala huko huko. Mama mkwe akamchukua mjukuu wakaenda kumsalimia binti yake mwingine. Kabla ya kufunga mlango fundi alifanya alichofanya kila aliposafiri. Ndani ya friza aliweka kikombe cha maji yaliyokwisha kuganda, na juu ya barafu akalaza nati moja ya chuma.

Aliwahi kurudi yeye. Taa zilikuwa zinawaka, friza inanguruma, nyama ngumu kama matofali. Akakichukua kile kikombe akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Nati ilikuwa chini kabisa, imeganda kwenye kitako cha kikombe.

Waliporudi mama mkwe na mtoto jioni, walimkuta ameshatoa mifuko yote na kuitia kwenye mfuko mweusi wa taka.

Safari hii mama mkwe alimsahau mkalimani. "Unafanya nini, baba?"

"Imeharibika, mama. Umeme ulikatika tukiwa hatupo."

"Imeharibika wapi? Si hiyo imeganda!"

"Imeganda tena. Iliyeyuka kwanza. Tazama." Akamwonyesha kikombe. "Nati niliiacha juu. Ili ifike chini lazima barafu yote iwe maji. Umeme uliporudi maji yakaganda upya na nati ikiwa huko huko chini. Sijui nyama ilikaa kwenye joto muda gani. Inaweza kuwa kidogo, inaweza kuwa siku nzima. Baridi haiui wadudu, mama, inawalaza tu. Wakipata joto wanaamka wanaendelea na shughuli zao."

Mama mkwe alikichukua kikombe akakigeuza geuza. Halafu akauchukua mfuko mmoja wa nyama, akaupeleka puani.

"Hainuki."

"Si lazima inuke."

"Nimepika nyama kabla hujazaliwa," akasema polepole, "na sijawahi kuona nyama nyekundu namna hii ikitupwa kwa sababu ya nati."

Fundi hakubishana na mtu mzima aliyemzalia mke. Akaufunga mfuko mweusi, akauweka nje ya mlango wa nyuma kungoja gari la taka la asubuhi. Kulipokucha akatoka mapema kwenda kazini, Kiroboto akaenda shule.

Gari la taka lilipokuja, mfuko ulikuwa umepungua kifurushi kimoja. Mama mkwe alikitoa akakiweka kwenye beseni juu ya sinki, dirishani, jua lipige barafu itoke. Akafua, akapiga deki, akalala kidogo kupumzisha magoti. Mchana ulipokuwa umeshakolea aliamka, akaikata nyama vipande, akaipika kwa vitunguu mpaka ikawa laini. Alionja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akapakua sahani, akala peke yake, taratibu, mezani, akitazama friza kana kwamba anaiambia: unaona?

Kiroboto aliporudi shuleni akanusa harufu. "Bibi, kuna nyama?"

Bibi yake aliitazama sufuria. Iliyobaki ilikuwa ya kutosha. Akaifunika, kisha akasema, "Imekwisha. Kula wali na maharage." Akaenda akaimwaga ile nyama, akaosha sufuria mara moja.

Fundi alirejea jua likiwa bado juu. Alimkuta binti yake amekaa kwenye kizingiti cha mlango, viatu vya shule bado miguuni, ametulia. Kumwona Kiroboto ametulia kulimtisha zaidi ya kelele.

"Bibi anaumwa. Anatapika. Amenikataza nisikwambie."

Alimkuta chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika ndoo kwa mikono miwili. Uso ulikuwa na jasho na midomo imekauka.

"Ni uchovu wa safari," mama mkwe akasema.

"Tangu saa ngapi, mama?"

"Nitapona tu. Toka, baba, toka. Chumba kinanuka."

Hakutoka. Alisimama pale, hajui aweke wapi mikono yake. Mkewe angekuwepo angejua la kufanya, na yeye angesubiri sebuleni kama mkwe mwema. Lakini mkewe hakuwepo. Akainama, akaichukua ndoo ile mikononi mwa mama mkwe wake, akaenda kuimwaga, akaisuuza, akairudisha. Wakati wa kuisuuza ndipo alipoiona plastiki kwenye pipa dogo la jikoni, ina tarehe juu kwa mwandiko wake, na beseni bado liko dirishani.

Akaita teksi. Kumtoa mama ndani ilikuwa kazi, maana miguu haikuwa na nguvu na alikataa kubebwa. Hatimaye alikubali kuegemea. Wakatembea ukumbini hatua kwa hatua, yeye ameinamisha uso kwa aibu, mkwe wake anatazama mbele kama askari wa gwaride, na Kiroboto nyuma yao kashika ndoo.

Kwenye zahanati daktari, dada mmoja mwenye miwani na sauti ya haraka, alimlaza, akamtundikia dripu, akavuta kiti.

"Mama, leo umekula nini?"

Mama mkwe akaangalia dari. "Chai."

"Chai peke yake?"

"Na wali."

Daktari akageuka kwa Kiroboto. "Na wewe ulikula wali huo huo?"

"Ndiyo. Siumwi."

Fundi akamtazama mama mkwe wake. Mwanamke aliyelisha kituo kizima cha mabasi kwa miaka, leo aseme mbele ya watu kwamba chakula chake mwenyewe kimemlaza. Fundi akakohoa.

"Daktari, tulikula nyama. Iliyeyuka kwenye friza ikaganda tena, kisha ikakaa nje muda mrefu. Tulidhani ikiiva vizuri haina neno."

"Mlikula? Na wewe?"

"Na mimi."

"Na unajisikiaje?"

"Mimi nina tumbo la chuma," fundi akasema.

Daktari alimtazama kwa juu ya miwani, akaandika. Kisha akaeleza, kwa wote, kwamba moto unaua vijidudu wengi, lakini wengine wakishakaa kwenye nyama ya vuguvugu wanaacha sumu ambayo hata uichemshe inabaki. Akasema mama amewahi kuletwa, ni maji tu yamepungua mwilini, watamwangalia mpaka kesho. Akaondoka.

Mama mkwe alifumba macho. Fundi alidhani amelala, akaanza kunyanyuka.

"Mtoto sikumpa," mama akasema, macho bado yamefumba.

"Najua, mama."

"Aliomba. Nikaangalia ile sufuria nikasikia mkono unakataa. Sasa kama mkono ulikataa kumpa yeye, mimi nilikula kwa nini?"

Fundi akakaa tena. "Ilikuwa nyekundu vizuri," akasema.

Mama mkwe akacheka, cheko la mgonjwa lisilofika tumboni, na palepale akaitaka ndoo.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani fundi alichukua likizo ya siku chache. Alichanganya maji ya chumvi na sukari kama alivyoelekezwa, akasimama mlangoni kuhakikisha yananywewa. Alipika uji mwepesi, mara ya kwanza ukawa na mabonge, mara ya pili ukawa na mabonge madogo. Mkewe alipopiga simu alitafuta maneno ya kuzungukia, akasema mama amepumzika, mama yuko sawa tu, hali ya hewa imebadilika.

"Mume wangu, mimi ni muuguzi. Nipe mama."

Mama mkwe alinyoosha mkono kutoka kitandani, akaichukua simu. "Nilikula nyama mbovu," akasema. "Mumeo aliitupa, mimi nikaiokota. Amenipeleka hospitali, amemwaga ndoo yangu, na kwa daktari amedanganya kwamba tulikula wote. Ukija usimgombeze. Haya, salama." Akakata.

Ingekuwa hadithi nzuri kusema kwamba kuanzia hapo fundi alikuwa mtu asiyekosea jikoni. Haikuwa hivyo. Mama akiwa bado anakunywa supu, yeye aliamua kumpikia Kiroboto steki ya maana. Alinunua vipande vizuri. Aliwahi kusikia kwamba papai linalainisha nyama, basi akaponda papai zima, bichi, na utomvu wake, akakamua ndimu nyingi juu yake, akavuruga yote kwenye sufuria ya aluminiamu, akaitia kwenye friji mpaka kesho yake jioni. Nyama ilipofika kwenye kikaango ilisambaratika. Ilikuwa na ladha ya sarafu.

Kiroboto alikodoa macho kwenye sahani. "Baba, hii kuna mtu ameshaitafuna?"

Kicheko kilitoka chumbani. Mama mkwe alikuja akijishikilia ukutani, kanga imefungwa kiunoni, akachukua kijiko, akaonja, akakiweka chini kwa adabu.

"Umeilaza na papai usiku kucha."

"Ndiyo, mama."

"Papai linakula nyama, baba. Ukiliacha usiku kucha linamaliza. Nusu saa inatosha, na kipande kama kidole, si tunda zima. Na ndimu na aluminiamu haviwekwi pamoja, ndimu inatafuna bati. Bakuli la kioo au la plastiki." Akavuta kiti akakaa. "Ila kuiweka kwenye friji ulifanya sawa. Mimi miaka yote niliacha ya kwangu mezani. Ilikuwa haikai muda, ndiyo maana nilisalimika." Akatazama sanduku jeupe pembeni ya mlango. "Sasa nieleze hili dude lako. Tangu mwanzo. Na usinifichie kitu kwa sababu mimi ni mkweo."

Wakakaa hapo jikoni, na kwa mara ya kwanza Kiroboto aliondoka kwenda kucheza bila kuitwa arudi kutafsiri. Fundi alieleza vizuri zaidi alipokuwa na kitu mkononi, kwa hiyo alifungua mfuniko akawa anaonyesha. Nyama iingie mapema, ingali mbichi kabisa, si baada ya kuzunguka mezani siku nzima. Isirundikwe. Ikitoka isitolewe kwenda dirishani, ihamie kwenye friji, rafu ya chini, ndani ya sahani yenye kingo ili majimaji yake yasidondokee mboga, ilale humo mpaka kesho.

"Kwa nini dirishani isiwe?" mama mkwe akauliza. Hakuuliza kwa ubishi, alitaka kujua.

"Kwa sababu haiyeyuki yote kwa pamoja. Nje inapata joto wakati katikati bado ni barafu. Wewe unasubiri katikati, kumbe huku nje sherehe imeshaanza."

"Sherehe ya wadudu."

"Ya wadudu."

"Na ikiyeyukia kwenye friji, halafu wageni wasije?"

"Hiyo unaweza kuirudisha, haijapata joto. Itapoteza maji kidogo, utamu utapungua. Iliyokaa nje hairudi. Ukishaipika, uliyopika unaweza kuigandisha."

Aliuliza mengi, mengine ambayo fundi hakuwahi kuyafikiria. Je, nyama ikigandishwa na viungo vyake tayari? Fundi alisema hajui, ila anafikiri inawezekana. Mama mkwe alikuwa na hakika. Viungo vitaingia ndani wakati nyama inaganda, na vitaingia tena wakati inayeyuka, na mpishi hana kazi ila kuwasha moto.

Wakajaribu. Steki mpya ilipopatikana, mama alitwanga tangawizi na kitunguu saumu, akachanganya mafuta, pilipili manga, chumvi kidogo na ndimu ya kunyunyiza tu, papai hapana. Fundi akakata, akakausha. Mama akapaka kila kipande kama mtu anayempaka mtoto mafuta, hata kwenye mikunjo. Fundi akafunga, akakandamiza hewa. Mama akachukua kalamu nzito akaandika tarehe mwenyewe, na chini yake akaongeza: usiguse.

Viungo vilivyobaki kwenye bakuli Kiroboto alitaka kuchovya mkate. Bibi yake akalinyanyua bakuli juu. "Hivi vimeshalala na nyama mbichi. Ama vichemke sana viwe mchuzi, ama viende sinki." Vikaenda sinki.

Muuguzi alitakiwa kurudi Jumamosi. Alirudi Alhamisi mchana, bila taarifa, na begi na njaa. Baada ya kukumbatiana na kilio kidogo na Kiroboto kuruka juu ya kila kitu kinachorukiwa, akafungua friji.

"Hakuna nyama?"

"Zimeganda," mama na mumewe wakajibu pamoja.

"Basi tuchemshe maji tuzimwagie."

Mama yake alimpiga kiganja cha mkono kabla hajafikia birika. "Maji ya moto yanapika ngozi, ndani barafu. Mkwe, beseni."

Fundi alikuwa ameshalijaza maji baridi ya bomba. Mifuko ikakaguliwa kama haina tundu, ikazamishwa, sahani nzito juu yake isielee. Kila maji yalipoanza kupoteza baridi mmoja wao alimwaga akajaza mengine, bila kuulizana zamu ni ya nani. Muuguzi alikaa kwenye kiti cha jikoni akimenya karoti na kuwatazama. Alikuwa ameacha watu wawili wanaopishana ukumbini kama magari kwenye daraja jembamba.

"Hizi lazima zipikwe leo hii hii," fundi akasema. "Za maji hazirudi kwenye friza."

"Kwani kuna anayetaka kurudisha?" mama mkwe akajibu. "Mtazame mkeo, atamla mtoto."

"Najua hayo mambo ya maji baridi," muuguzi akasema. "Nilikuwa nawapima."

"Tumefaulu?"

"Sijala bado."

Kikaango kikawaka mpaka mafuta yakaanza kutetemeka. Mama alifuta viungo vya juu visije vikaungua, akalaza kipande cha kwanza, kikalia. Hakukigusa gusa. Alikigeuza mara moja, akakiacha kipoe kidogo kwenye sahani safi, si ile iliyobeba nyama mbichi, ndipo akakikata. Walikula wote wanne wakiwa wamebanana kwenye meza ya watu wawili. Muuguzi alikula mpaka sahani ikawa nyeupe. Kisha akainyoosha aongezewe.

Wiki chache baadaye mama mkwe alirudi kwake. Siku ya kuaga alimvuta fundi pembeni, jikoni.

"Nataka na mimi dude kama hili. Dogo. Magoti yangu hayawezi kwenda bucha kila siku, na mkahawa nimeufikiria tena, si mkubwa, meza mbili tatu. Utaniangalizia?"

Aliliangalia, akalipata, la kusimama, chakavu kama lile la kwanza, akalitengeneza jioni baada ya kazi. Alilipeleka mwenyewe kwa gari la kukodi, limelazwa ubavu kwa sababu lilikataa kuingia limesimama. Walipolishusha na kulisimamisha kwenye ukuta wa jiko lake, mama mkwe tayari ameshika plagi mkononi.

"Bado, mama. Limelala njiani, mafuta ya kompresa yamehama. Likae wima litulie kwanza, masaa kadhaa. Ukiliwasha sasa utaliua."

"Masaa kadhaa? Na nyama nimeshaiagiza."

"Mwenye bucha aikalie."

Alinung'unika, akaweka plagi chini. Hakukuwa na viti, alikuwa amevianika nje baada ya kuviosha, basi wakatoka wakaketi kwenye viti vyenyewe, bado vina unyevunyevu, uani. Akamletea chai. Wakanywa, na hakuna aliyekumbuka nguo za kuanua.

"Mama yako," mama mkwe akasema, "sikuwahi kumwona. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Fundi alizungusha kikombe mikononi. Katika miaka yote ya ndoa hakuna aliyewahi kumuuliza upande huu. "Alikuwa mrefu," akasema. "Aliuza mkaa. Alikuwa anaimba vibaya sana, na alijua, na aliimba tu."

"Nyimbo gani?"

"Alizitunga mwenyewe. Nyingi zilikuwa za kutusema sisi watoto."

"Niimbie moja."

"Mama, mimi naimba vibaya kuliko yeye."

"Dude lako linataka masaa kadhaa," mama mkwe akasema, akamwongezea chai. "Hatuna kazi nyingine."

Fundi akatazama huku na huku kama kuna jirani anayesikia. Hakuona mtu. Akasafisha koo, akaanza.